Ubongo unavyochagua na kupima yanayoingia kwenye hisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila umakini unapozungumzwa, hasa kutoka kwa wanafunzi, wazazi, na watu wanaomuuguza ndugu aliyepata kiharusi. Yanaanza na ya msingi. Kila jibu linajitegemea; pale jambo lilipokwisha kuelezwa, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Umakini unakaa sehemu gani ya ubongo?

Haukai mahali pamoja. Ni kazi ya ushirika kati ya sehemu nyingi, nyingine ziko ndani kabisa kwenye shina la ubongo, nyingine juu kwenye gamba, yaani tabaka la nje la ubongo. Mwaka 1990 Michael Posner na Steven Petersen walipendekeza kuigawa kazi hiyo mara tatu, na mgawanyo wao unatumika hadi leo: kuna mfumo wa kutuweka macho na tayari, mfumo wa kutuelekeza kwenye mahali au kitu fulani, na mfumo wa kusimamia mambo yanapogongana. Mtu anaweza kuharibikiwa mmoja, miwili ikabaki salama. Ndiyo maana kusema tu "hana umakini" hakumsaidii mtu mpaka ijulikane ni umakini upi.

2. Kuhisi, kuzingatia na kutathmini si kitu kimoja?

Hapana, ingawa vinaingiliana. Kuhisi ni jicho, sikio, ngozi, ulimi au pua kupokea kitu na kupeleka habari ndani. Kuzingatia ni kuipa habari moja nafasi kubwa kuliko nyingine. Kutathmini ni kuipima: ina maana gani kwangu sasa hivi? Ni hatari, ni faida, au niachane nayo?

Wengi hudhani mambo haya hufuatana kwa zamu: unahisi, unazingatia, halafu unatathmini. Sivyo yalivyo. Tathmini ya harakaharaka huanza mapema na ndiyo inayosaidia kuamua kitu gani kizingatiwe, kisha kile kilichozingatiwa hupimwa upya kwa kina. Ukilishika hili, majibu mengi hapa chini yatakuwa mepesi.

3. Kwa nini ubongo usishughulikie kila kinachoingia?

Kwa sababu hauwezi. Neva ya kila jicho peke yake ina nyuzi zipatazo milioni 1, na hapo bado hujaongeza sauti, harufu, mguso wa nguo, joto na mkao wa viungo. Tena jicho lenyewe huona kwa ukali katika eneo dogo sana, kama digrii 2 hivi, karibu upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Ndiyo maana macho huruka kutoka pointi hadi pointi takriban mara 3 kila sekunde. Kila mruko ni uchaguzi: nitazame hapa, pale nipaache.

Ndani ya ubongo nako kuna kugombania nafasi. Mwaka 1985 Jeffrey Moran na Robert Desimone walirekodi seli za kuona za nyani waliofundishwa kuzingatia kitu kimoja na kupuuza kingine kilicho karibu. Vitu vyote viwili vilikuwa ndani ya eneo ambalo seli ileile inaliona. Macho ya mnyama hayakusogea, picha haikubadilika. Hata hivyo seli ilijibu kana kwamba kile kilichopuuzwa karibu hakipo. Kwa maoni yangu huu ni miongoni mwa ugunduzi mzuri zaidi katika fani nzima, kwa sababu unaonyesha kwamba umakini haungoji picha ikamilike ndipo uichague. Unaingia jikoni kabisa, picha ikiwa bado inapikwa.

4. Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Si kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati mtu akiwa amepumzika. Uharibifu mdogo karibu popote huacha pengo fulani. Kinachopunguzwa na umakini ni taarifa zinazopewa kipaumbele, si kiasi cha ubongo kinachofanya kazi.

## Safari ya taarifa

5. Thalamasi hufanya nini hasa?

Thalamasi ni jozi ya vifundo katikati ya ubongo. Habari za macho, masikio, ngozi na ulimi hupita hapo kabla ya kufika kwenye gamba. Harufu ndiyo ya pekee: hufika kwenye gamba la kunusia na kwenye amigdala (swali la 11) bila kupitia thalamasi kwanza.

Thalamasi haipitishi tu. Imezungukwa na tabaka jembamba la seli zinazozuia, na mwaka 1984 Francis Crick alipendekeza kwamba tabaka hilo husaidia kuangaza njia moja na kufifisha nyingine. Zaidi ya hapo, gamba hutuma nyuzi nyingi sana kurudi chini kwenye thalamasi. Maana yake ni kwamba sehemu za juu zina kauli juu ya kile zitakachopelekewa.

6. Kitu kinapodondoka kwa kishindo, kwa nini nageuka kabla sijafikiri?

Kwa sababu kugeuka hakungojei kufikiri. Juu ya shina la ubongo kuna jozi ya vivimbe viitwavyo kolikulasi ya juu, ambavyo huunganisha ramani ya macho, masikio na mguso, kisha huamuru macho na shingo vielekee panapotoka kishindo. Wakati huohuo lokasi seruleasi, kifundo kidogo sana ndani ya shina la ubongo, humwaga noradrenalini, kemikali ya kuamsha, karibu ubongo mzima. Mwili unakaa chonjo.

Kwenye gamba, mpaka kati ya sehemu ya utosini na sehemu ya panjani, hasa upande wa kulia, hukatiza ulichokuwa unafanya. Maurizio Corbetta na Gordon Shulman, katika makala yao ya mwaka 2002, waliutofautisha mfumo huu wa kukatiza na ule wa kuelekeza kwa hiari unaoelezwa katika swali la 7.

7. Na nikiamua mwenyewe kukazia kitu fulani?

Hapo kazi inaongozwa na maeneo mawili yanayoshirikiana: moja liko ndani ya mfereji wa sehemu ya utosini, jingine liko mbele na ndilo linaloongoza mienendo ya macho. Mwaka 2003 Tirin Moore na Katherine Armstrong walisisimua kwa umeme hafifu eneo hilo la mbele katika nyani, umeme usiotosha kuyasogeza macho. Seli za kuona zilizo mbali, kuelekea kisogoni, zikaongeza mwitikio kwa kitu kilichokuwa mahali ambapo macho yangeelekezwa. Kwa maneno mengine, mitambo ya kusogeza macho na mitambo ya kusogeza umakini imefungamana sana. Unaweza kumkodolea mtu macho huku unamfuatilia mwingine pembeni, lakini unatumia sehemu kubwa ya vifaa vilevile.

Mambo yanapogongana, gamba la singulati la mbele, lililo upande wa ndani ambapo nusu mbili za ubongo hutazamana, huingia. Jaribu kutaja rangi ya wino wa neno "nyekundu" lililoandikwa kwa kijani. Utasita. John Ridley Stroop alichapisha jaribio hilo mwaka 1935, na mpaka leo ndilo linalotumika sana kupima jinsi mtu anavyozuia jibu linalokuja lenyewe.

8. Kwa nini nasikia jina langu katikati ya kelele?

Colin Cherry, mwaka 1953, aliwasikilizisha watu maneno tofauti katika kila sikio na kuwataka wayarudie ya sikio moja. Ya sikio jingine hawakuweza kuyaeleza. Waligundua kama sauti ni ya mwanamume au mwanamke, basi. Lakini mwaka 1959 Neville Moray aliweka jina la msikilizaji katika sikio lililopuuzwa, na takriban theluthi yao walilisikia.

Hapa tathmini inajitokeza kabla ya umakini, kama ilivyosemwa katika swali la 2. Sauti iliyopuuzwa ilikuwa imefifishwa, haikuwa imezimwa. Jina lako lina uzito mkubwa kiasi kwamba hata likiwa limefifia linapenya. Hata hivyo theluthi mbili hawakulisikia, na hili husahaulika. Kwa hiyo mtu uliyemwita asiitike hajakudharau moja kwa moja.

9. Mbona mtu anaweza kutazama kitu na asikione?

Kwa sababu kutazama ni kazi ya jicho, kuona kunadai umakini. Katika jaribio maarufu la Daniel Simons na Christopher Chabris la mwaka 1999, watazamaji walihesabu pasi za mpira kwenye video. Mtu aliyevaa kama sokwe akapita katikati ya wachezaji, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona.

Madereva wanaosema "sikumwona kabisa huyo mwendesha baiskeli" mara nyingi wanasema kweli. Hilo haliwaondolei wajibu, bali linaonyesha kwa nini kuzungumza na simu barabarani ni hatari hata mikono ikiwa huru: macho yako barabarani, umakini uko kwenye mazungumzo.

10. Tukilala, hisi zote hufungwa?

Hapana. Gamba la kusikia huendelea kujibu sauti, na ubongo uliolala huitikia jina la mwenyewe kuliko jina la mtu mwingine. Upimaji unaendelea kwa kiwango cha chini.

## Kupima uzito wa jambo

11. Amigdala ni kituo cha woga?

Hivyo ndivyo inavyotangazwa, na ni nusu ya ukweli. Amigdala, vifundo viwili vilivyo ndani ya sehemu ya panjani, hushughulika na jambo lolote lenye uzito: hatari, ndiyo, lakini pia chakula, sura za watu na mambo yasiyotabirika.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa mwanamke anayejulikana katika machapisho kwa herufi SM, ambaye ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili. Hakuogopa nyoka wala buibui, na katika picha za nyuso hakuitambua hofu. Ingeishia hapo, hadithi ya "kituo cha woga" ingetosha. Lakini mwaka 2005 Ralph Adolphs na wenzake waligundua kwamba alipotazama nyuso hizo hakuwa anayaangalia macho, na hofu huonekana zaidi machoni. Walipomwambia ayaangalie macho, akaitambua hofu kama watu wengine. Walipoacha kumkumbusha, akarudi kulekule. Kumbe ujuzi wa kuisoma hofu alikuwa nao. Kilichokosekana ni ile sauti ya ndani inayosema "tazama pale, pana jambo".

Kisha mwaka 2013 ikaripotiwa kwamba alipovuta hewa yenye kaboni dioksidi nyingi alipatwa na hofu kuu, tena bila amigdala. Kwa hiyo hofu inayotokana na mwili wenyewe ina njia nyingine.

12. Ni sehemu gani inayoamua kwamba kitu ni kizuri au kibaya?

Gamba lililo juu ya matundu ya macho lina nafasi kubwa. Edmund Rolls na wenzake walionyesha kwamba seli za huko, katika nyani, hujibu kwa nguvu ladha ya chakula mnyama akiwa na njaa, na hunyamaza kwa chakula hichohicho akishashiba. Seli za gamba la ladha lenyewe, ndani ya insula (gamba lililojificha ndani ya mkunjo wa pembeni mwa ubongo), huendelea kujibu. Yaani utamu bado unatambulika, ila hauna tena thamani. Hapo unaona kwa macho jinsi kuhisi na kutathmini vinavyotengana.

Dopamini nayo hutajwa kama kemikali ya raha, jambo linalopotosha. Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini za nyani: mwanzoni zililipuka juisi ilipokuja bila kutarajiwa. Baada ya mnyama kujifunza kwamba taa hutangulia juisi, zililipuka kwa taa, na juisi ilipofika hazikushtuka. Taa ikiwaka na juisi isije, zilishuka chini ya kawaida. Zinapima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata, na tofauti hiyo ndiyo inayotufundisha kipi kistahili kutazamwa kesho.

13. Kwa nini maumivu hupungua nikiwa nimeshughulika?

Maumivu yana pande mbili: yako wapi na makali kiasi gani, na yanakukera kiasi gani. Daktari Henry Beecher, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliandika kuhusu wanajeshi waliojeruhiwa vibaya ambao wengi wao hawakutaka dawa kali ya maumivu. Jeraha lilimaanisha kuondoka vitani wakiwa hai.

Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake walitumia hipnosisi kubadilisha ukeraji wa maji ya moto bila kubadilisha ukali wake. Shughuli katika gamba la singulati la mbele ilipanda na kushuka pamoja na ukeraji. Gamba la mguso halikubadilika vivyo hivyo. Aidha kutoka shina la ubongo kuna njia zinazoshuka hadi uti wa mgongo na kupunguza ishara ya maumivu kabla haijapanda. Kwa hiyo anayesema maumivu yake yalipungua alipocheza na mtoto hakuwa anajifanya hapo awali.

14. Macho na masikio yakipingana, ubongo husikiliza upi?

Hutafuta suluhu. Sauti "ba" ikiwekwa juu ya video ya midomo inayotamka "ga", wengi husikia "da". Harry McGurk na John MacDonald walilieleza hilo mwaka 1976. Ukifumba macho unasikia "ba". Ukifumbua, "da" inarudi, hata ukiwa unajua siri yake. Sehemu ya juu ya panja, mahali habari za kuona na kusikia zinapokutana, inahusika sana.

15. Kwa nini siwezi kujitekenya?

Serebelamu, iliyo nyuma chini ya ubongo, husaidia kutabiri mguso utakaotokana na mkono wako mwenyewe, na gamba la mguso hupunguza mwitikio. Kilichotabirika hupewa uzito mdogo.

## Mambo yanapoharibika

16. Mgonjwa wetu wa kiharusi anakula upande mmoja tu wa sahani na kusema amemaliza. Ni ukaidi?

Si ukaidi, na tafadhali msimgombeze. Hali hii hutokea hasa kiharusi kikigonga upande wa kulia wa ubongo, mara nyingi karibu na sehemu ya utosini. Macho yake yanaweza kuwa mazima. Ila upande wa kushoto wa dunia umeacha kumwita. Atanyoa ndevu za shavu la kulia tu, atagonga mlango kwa bega la kushoto, ataambiwa achore saa na kusongamanisha namba zote 12 upande mmoja.

Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, mwaka 1978, waliwaomba wagonjwa wawili wa namna hii kukielezea kwa kumbukumbu kiwanja cha kanisa kuu la Milano, walichokifahamu vizuri. Wakijiona wamesimama wakilitazama kanisa, walitaja majengo ya kulia. Wakaambiwa wajione wamesimama upande wa pili, kanisa likiwa mgongoni. Sasa wakataja yale waliyoyaacha mwanzo, na kuyasahau yale waliyotoka kuyataja. Kumbukumbu ilikuwa kamili. Hata mawazoni, kushoto hakukuonekana.

Kwa nini kulia zaidi? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba nusu ya kulia ya ubongo husimamia umakini wa pande zote mbili, ilhali nusu ya kushoto husimamia zaidi upande wa kulia. Ikiumia ya kushoto, ya kulia huziba pengo. Ikiumia ya kulia, hakuna wa kuziba.

Nyumbani, mzungushieni sahani. Wekeni alama ya rangi kali ukingoni mwa kushoto wa ukurasa au meza na mfundisheni kuitafuta kabla ya kuanza jambo. Vitu vya hatari au vya lazima, kama dawa na kengele ya kuita, viwe kulia. Wengi hupata nafuu katika wiki na miezi ya mwanzo, na mtaalamu wa tiba ya viungo au ya shughuli za kila siku husaidia sana.

17. Kuna watu wasioona lakini wanakwepa vitu?

Wapo. Lawrence Weiskrantz na wenzake walimweleza mwaka 1974 mgonjwa aitwaye kwa herufi DB, aliyepoteza sehemu ya gamba la kuona kisogoni. Alisema haoni kitu katika eneo hilo, lakini alipolazimishwa kubahatisha kitu kiko wapi alipatia mno kuliko bahati. Njia zinazopita kolikulasi ya juu (swali la 6) ni miongoni mwa zinazodhaniwa kufanya kazi hiyo.

18. Na anayesisitiza kwamba mke wake amebadilishwa na mtu anayefanana naye?

Hali hiyo ilielezwa na Joseph Capgras mwaka 1923. Mgonjwa anaitambua sura, lakini ule msisimko wa mwili unaoambatana na sura ya mpendwa haupo. Vipimo vya jasho la ngozi vimeonyesha hivyo. Utambuzi umefika, tathmini haikufika. Pengo hilo peke yake halitoshi: uwezo wa kupima kama wazo lina mantiki, unaotegemea sehemu za mbele, nao huwa umedhoofika.

19. Mtoto mwenye ADHD (hali ya upungufu wa umakini na utundu uliopita kiasi) anaweza kucheza gemu saa nyingi. Basi umakini anao?

Anao. Tatizo lake ni kuuongoza pale ambapo malipo yako mbali au hayaonekani. Gemu hutoa malipo kila baada ya muda mfupi, na ubongo unaojifunza kwa namna iliyoelezwa katika swali la 12 hunaswa. Dawa kama methylphenidate huongeza dopamini na noradrenalini katika mizunguko ya mbele. Hali hii hutambuliwa kwa historia na tabia, nyumbani na shuleni. Hakuna picha ya ubongo ya mtoto mmoja inayoweza kuithibitisha, na anayeuza picha hiyo kama kipimo aulizwe maswali magumu.

20. Umakini ukibadilika, lini niende hospitali?

Mara moja, kama mabadiliko ni ya ghafla: mtu anapuuza upande mmoja, anachanganyikiwa, uso umepinda, mkono unalegea au maneno hayatoki. Katika kiharusi kila dakika ina thamani. Umakini unaodhoofika polepole nao usipuuzwe, lakini anza kwa kuuliza kuhusu usingizi. Mtu aliyekosa usingizi hupata vipindi vifupi vya kuzimika akiwa amefumbua macho, na mara nyingi hajijui.

21. Picha za MRI (mashine ya kupiga picha kwa sumaku) zinazoonyesha sehemu "zikiwaka" zinathibitisha nini?

Hazionyeshi seli zikifanya kazi moja kwa moja. Mbinu hiyo, iliyotokana na kazi ya Seiji Ogawa kuanzia mwaka 1990, hupima mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, na mabadiliko hayo hufika kileleni kama sekunde 5 baada ya tukio. Umakini huhama ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Kuna kosa jingine linalorudiwa sana: kuona insula imewaka, kisha kusema mtu huyu alikuwa na kinyaa. Insula huwaka pia kwa maumivu, ladha, mapigo ya moyo na karibu kila jambo linalotustua. Kutoka kwenye sehemu huwezi kurudi nyuma ukaijua hisia. Ili kusema sehemu fulani ni ya lazima kwa kazi fulani, unahitaji ushahidi wa aina ya swali la 7 au la 16: uisisimue, au uone kinachopotea inapoumia.